Kumpeleka mama Tromsø mwezi Desemba

Ndugu, nimekuelewa: unataka kumpeleka mama yako mwenye pumu Tromsø, Norwei, kwa siku tatu za Desemba, mkaone mianga ya kaskazini, ile nuru ya rangi inayocheza angani usiku. Mwezi huo jua halichomozi kabisa huko, hivyo ningewashauri msogeze safari hadi Machi, ambapo mchana upo na usiku bado una giza la kutosha. Siku tatu nazo ni chache, kwa kuwa mawingu huweza kuziba anga usiku kucha. Tengeni tano au sita.

Baridi ya mjini si kali kama wengi wanavyodhani, kwani mkondo wa bahari wenye joto hupita pwani hiyo. Hatari kubwa ni barafu ya njiani. Mimi nilianguka mara mbili mbele ya duka la mikate, ndipo nikanunua mipira yenye meno ya chuma ya kuvalisha viatu.

Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Norwei imo, huombwa hadi miezi 6 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu ya safari isiyopungua yuro 30,000. Hata hivyo, kabla hujalipia chochote, mama amwone daktari wake, maana hewa baridi na kavu huweza kuamsha pumu, na dawa yake ya kuvuta ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.