Nimpe msimamizi wa seva msimbo wa nywila?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimeandika sehemu ya programu yetu inayopokea nywila na kuzihakiki. Msimamizi wa seva anataka kuusoma msimbo kabla ya kuupandisha. Bosi amekataa, anasema akijua nywila zinavyofichwa atazifichua. Nimpe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe. Tangu 1883 Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, aliandika kwamba mfumo wa siri lazima ubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui. Bcrypt, njia mojawapo ya kuficha nywila, iko hadharani tangu 1999, yeyote anaisoma, na bado inawatoa wadukuzi jasho. Kama msimbo wako unavunjika kwa kusomwa tu, ubovu umo ndani yake. Ila kama umeandika humo ufunguo wowote, uutoe kwanza.

Hofu ya bosi si ya bure, lakini ameielekeza kusiko. Nywila hufika kwenye seva ikiwa wazi, kabla ya kutiwa chumvi (kuongezewa herufi za nasibu) na kusagwa (kugeuzwa kuwa mfuatano usiorudishika). Mwenye mamlaka yote juu ya seva akichomeka mistari miwili hapo, anaidaka, awe ameusoma msimbo wako au la. Tena yaweza kutokea bila nia mbaya: mwaka 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake wabadili nywila, baada ya kugundua hitilafu iliyokuwa ikiziandika waziwazi kwenye logi za ndani, yaani kumbukumbu za matukio ambazo mfumo hujiandikia.

Nimesimamia seva miaka mingi. Usiku mmoja nikipekua logi za walioshindwa kuingia, nilikuta penye jina la mtumiaji pana neno lenye tarakimu na alama ya mshangao. Mwenzetu alikuwa amechapa nywila kwenye kisanduku cha jina. Mstari uliofuata, sekunde chache baadaye, ulikuwa na jina lake halisi. Nilimpigia simu palepale abadilishe, na tangu hapo hatukuandika tena kwenye logi jina lisilokuwemo katika orodha ya watumiaji.

Kwa hiyo asome, lakini asibadilishe peke yake. Wewe pia usibadilishe peke yako. Kila badiliko lipitiwe na mtu wa pili, na logi zinakiliwe kwenye seva asiyoisimamia yeye.

Kisha kaeni wawili, mchape nywila ya majaribio, muifuate hadi inapohifadhiwa, halafu mlitafute neno hilo kwenye logi zote. Mkilikuta popote, msipandishe.