Kanuni mpya Texas: kabla hujakata tamaa na saluni yako

Pole sana, dada. Umesema idara ya jimbo la Texas imepitisha kanuni mpya na unahofu saluni yako ya watu wanne haitamudu gharama. Kwanza soma tangazo lenyewe kwenye Texas Register, gazeti rasmi linalotoka kila Ijumaa. Kwa kawaida kanuni huanza kutumika siku 20 baada ya kuwasilishwa kwa katibu wa jimbo. Kisha rudi kwenye pendekezo la awali. Kanuni ikielekea kuumiza biashara ndogo, idara hutakiwa kueleza athari na njia nafuu ilizofikiria. Ukikuta wamepita juu juu, hapo ndipo pa kushika! Andika ombi la kuirekebisha, ambatanisha risiti zako. Wana siku 60 kukujibu.