Anza na sahani ya futari

Dada uliyeuliza namna ya kuwaeleza majirani zako Wakristo kuhusu Uislamu bila kuonekana unawahubiria: Ramadhani ikiingia watauliza wenyewe. Mimi nilianza na sahani. Kabla ya adhana ya magharibi nampelekea mama wa mlango wa pili tambi, mihogo ya nazi na tende tatu. Siku ya nne akaniuliza, "Kwani hata maji hamnywi?" Nikamwambia hata maji, tangu alfajiri mpaka jua lizame, ila mgonjwa na msafiri wana ruhusa, na mwenye hedhi hafungi, atalipa baadaye. Kumbe alikuwa akiwafungia wanawe ndani wale chakula cha mchana, kwa kutuonea haya! Nikamsihi aache.

Lakini usisahau msiba. Hapo ndipo majirani huumia kwa kutojua. Mtu kafa asubuhi, wao wanafika jioni wanakuta ameshazikwa, wanadhani wametengwa. Waeleze mapema kwamba kwetu maiti huharakishwa: huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, na huingia kaburini na sanda yake tu, jeneza ni la kubebea. Mwambie jirani aje, ajitande kanga, akae na wanawake wenzake.

Wakiuliza kuhusu Yesu, sema tunamwita Nabii Isa, na Qurani ina sura nzima ya jina la mama yake, Maryam, ya 19. Msipokubaliana, usibishane. Usilolijua, sema utamuuliza ustadhi.