Jiwe la chokaa linamomonyoka, linayeyuka au linamumunyika?

Swali: Katika makala kuhusu mapango niliandika, “Maji yalipanda kutoka kina kirefu ardhini yakamomonyoa mawe ya chokaa.” Mhariri amebadilisha “yakamomonyoa” kuwa “yakayeyusha”. Kitenzi kipi kinafaa?

Jibu: Mhariri amefanya vyema kukiondoa kitenzi chako, ila alichokiweka mahali pake kina utata wake. Kitu kinachomomonyoka hukatika vipande: ukingo wa mto ukimomonyoka, udongo ulioanguka unauona pale chini, na ukiuchota mkononi ni udongo uleule. Mapango unayoyaeleza hayakutokea hivyo. Maji yanayosukumwa juu kutoka chini sana hupenya taratibu katika vitundu na nyufa za jiwe, nalo jiwe likaingia ndani ya maji lisionekane tena. Ndiyo maana mapango hayo aghalabu huwa na dari zenye mabonde mithili ya kuba na kuta zilizotoboka kama sifongo, bila kokoto ambazo mto ungeziacha.

“Kuyeyusha” si kosa, kwani husemwa pia kwamba chumvi imeyeyuka majini. Hata hivyo, kitenzi hicho hubeba maana ya joto, kama siagi inavyoyeyuka, na maji ya kina kirefu mara nyingi huwa ya moto. Kwa hiyo msomaji atadhani kwamba joto ndilo lililoliyeyusha jiwe. Sivyo. Kazi hiyo hufanywa na asidi, na tena maji yenye hewa ya ukaa hulimeza jiwe la chokaa zaidi yanapopoa njiani kuja juu. Katika pango la Carlsbad nchini Marekani, gesi ya haidrojeni salfaidi iliyopanda kutoka chini ilikutana na oksijeni ikazaa asidi ya salfuriki, nayo ikaligeuza jiwe kuwa jasi, ambayo mabonge yake yangalimo pangoni hadi leo.

Mimi ningechagua “kumumunya”. Anayeweka kipande cha sukari mdomoni asikitafune anakimumunya: pembe zake hulainika, kikapungua, mwishowe ukabaki utamu tu katika mate. Ndivyo jiwe linavyotoweka. Isitoshe, kitenzi hiki ndicho kilichozaa istilahi za kemia “mmumunyo” na “umumunyifu”, kwa hiyo hukitumii kwa kubahatisha. Andika: “Maji yalipanda kutoka kina kirefu ardhini yakayamumunya mawe ya chokaa.” Ukitaka kulitanguliza jiwe, sema “mawe ya chokaa yalimumunyika”. “Kumomonyoa” kiweke akiba kwa pango ambalo mto unapita ndani yake ukizikwangua kuta kwa changarawe.