Kwa nini tarumbeta yangu haioani na okestra ya Vienna?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga tarumbeta katika bendi ya kanisa. Nikifuatisha rekodi za Vienna Philharmonic, okestra ya mji wa Vienna, Austria, najisikia niko chini kidogo, ingawa kipimo cha kutuni kwenye simu kinasema niko sawa. Halafu honi zao (pembe za shaba zilizoviringwa) zina sauti nyingine kabisa. Kosa ni langu?

JIBU: Marahaba. Kosa si lako. Kipimo chako kimewekwa kwenye noti A ya herzi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), kiwango cha kimataifa. Vienna hutuni kwa 443 hivi. Tofauti ni kama senti 12 (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti), na nusu toni moja ina senti 100. Weka kipimo kwenye 443, piga dakika chache tarumbeta ipate joto, kisha sukuma ndani kidogo bomba la kutunia.

Honi ndizo zinazonipendeza zaidi. Okestra nyingi zilihamia honi yenye njia mbili, ya F na ya B bapa, kwa sababu noti za juu hulengeka kwa urahisi. Vienna walibaki na honi ya F peke yake, bomba jembamba la takriban mita 3.7. Huko juu noti zake za asili zimesongamana. Mdomo ukiteleza kidogo tu, umeangukia noti ya jirani. Wanaikubali hatari hiyo kwa ajili ya sauti. Obo yao nayo ni ya kwao (obo ni ndugu wa zumari la Pwani), na timpani (ngoma kubwa za okestra) huwambwa ngozi ya mbuzi.

Wameweza kubaki na vyombo vyao kwa sababu okestra ni mali ya wapigaji. Tangu Otto Nicolai alipowaongoza katika onyesho la kwanza, Machi 28, 1842, ni chama chao wenyewe, na wanachama hutoka okestra ya opera ya Vienna. Tangu 1933 hawana hata kondakta (mwongozaji wa okestra) wa kudumu. Nawaheshimu sana, ila uhuru huohuo wa kujiamulia uliwafungia wanawake nje: uanachama waliupata 1997 tu. Na mwaka 1938, chini ya Wanazi, wenzao Wayahudi walifukuzwa.

Sasa tafuta rekodi yao ya Simfoni ya 2 ya mtunzi Johannes Brahms, waliyoipiga kwa mara ya kwanza duniani Desemba 30, 1877. Vyombo vya nyuzi vya sauti nzito vinatangulia kwa noti tatu, kisha zinaingia honi. Sikiliza hapo kwanza, ukiwa umeiweka tarumbeta yako chini.