Sabuni ya kipande nyumbani: pesa ya kwanza iende kwenye mzani

Wengi wanaotaka kuanza kutengeneza sabuni huniuliza kwanza manukato na rangi zinapatikana wapi. Hayo ni ya mwisho kabisa. Kama mtaji wako ni mdogo, nunua mzani wa dijitali unaosoma gramu moja moja, glavu ndefu za mpira na miwani ya kinga. Ndoo za plastiki na mwiko wa mbao unavyo tayari, ila ukishavitumia kwenye sabuni visirudi jikoni tena.

Mzani ni wa lazima kwa sababu kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Gramu 100 za mafuta ya nazi hula takriban gramu 18 za kostiki, mawese 14, alizeti 13 na kidogo. Usichukue vipimo vya mtu aliyetumia mafuta mengine ukadhani vitakufaa. Kwa kuanzia, jaribu mawese gramu 600, mafuta ya nazi gramu 400, kostiki gramu 150 na maji gramu 300. Hapo umeshapunguza kostiki kwa asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki na sabuni isikaushe ngozi.

Sasa angalia hili, maana ndipo wengi wanapoteleza. Mafuta yetu yanauzwa kwa lita, na mtu anahesabu lita kuwa kilo. Lita moja ya mafuta ina gramu 920 hivi. Ukiitia kostiki iliyohesabiwa kwa kilo nzima ya mafuta, ile akiba yote imekwisha na kostiki ya ziada inabaki ndani ya sabuni. Mteja ataisikia ikimchoma.

Kostiki inapatikana kwa urahisi kwenye maduka ya malighafi za sabuni Kariakoo. Usinunue ile ya kupimiwa kutoka kwenye gunia lililoachwa wazi, hata kama bei inavutia. Kostiki inanyonya unyevu, na hewa ya Dar unaijua. Ukiona chembe zimeshikana mabonge na mfuko una majimaji, sehemu ya unacholipia ni maji, na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo. Tafuta iliyofungwa, kisha ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, uliloliandika jina, mahali ambapo mtoto hafiki. Magadi soda si mbadala wake.

Fedha nyingi zitaishia kwenye mafuta, kwa hiyo punguza gharama hapo. Vichupa vya mafuta ya nazi ya nywele vitakumaliza. Ulizia ya dumu, na kama lita 20 ni nyingi kwako, changeni wawili watatu mgawane kwa mzani. Ulizia pia mafuta ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, yanayotoka Kigoma. Yanatoa povu zuri karibu sawa na ya nazi, ila yafanyie hesabu yake. Mawese mekundu yanakupa na rangi ya machungwa bila kununua rangi.

Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za alumini, na kostiki inaila alumini huku ikitoa gesi inayoweza kuwaka. Tumia plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Fanyia kazi uani, upepo ukiwa mgongoni. Mimina kostiki kwenye maji, kidogo kidogo. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, itakurukia. Maji yatapata moto mkali yenyewe na kutoa mvuke unaokaba, kwa hiyo usiinamie ndoo. Ikikugusa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, hapo hapo. Maji ya kisima yenye chumvi yaache, tumia ya mvua au ya kunywa.

Mchanganyiko wa kostiki ukipoa, umimine kwenye mafuta ukoroge. Kwa mwiko inaweza kuchukua saa nzima, usikate tamaa. Utajua iko tayari ukiinua mwiko na tone linalodondoka likaacha alama juu kabla ya kuzama. Mimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Kesho yake au keshokutwa kata vipande, ukiwa bado na glavu, uvipange vikiwa vimeachana penye kivuli na hewa kwa wiki 4 hadi 6. Miezi ya mvua vitatoka jasho. Usiogope wala usivianike juani.

Hizo wiki usiziibe kwa sababu mteja ana haraka. Sabuni changa inaisha upesi bafuni, na aliyeinunua harudi. Ukifikia kuuza madukani, nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uulizie mafunzo na utaratibu wa kupata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na uende na daftari lenye vipimo vya kila mchanganyiko uliotengeneza.