Basi likiharibika London, nani analipa?

Si TfL, mamlaka ya usafiri ya London. Matengenezo ni mzigo wa kampuni iliyoshinda zabuni ya njia hiyo: yenyewe ndiyo inayoleta mabasi, madereva, gereji na mafundi. TfL inapanga njia na nauli, inailipa kampuni kwa maili zilizoendeshwa. Basi likifa njiani kwa ubovu, maili hizo zinakatwa kwenye malipo. Zikipotea kwa foleni iliyo nje ya uwezo wa kampuni, hazikatwi. Ndiyo maana gereji zinahangaika usiku kucha.

Nimekuwa fundi kwenye gereji ya namna hiyo. Jambo ambalo wengi hawalijui: hata kampuni ikiwapa mafundi wa nje kazi ya matengenezo, kampuni yenyewe, kama mwenye leseni ya kuendesha mabasi, ndiyo inayowajibika kisheria gari likikutwa bovu, na kumbukumbu za matengenezo lazima zitunzwe miezi 15.

Tofauti ni New Routemaster, yale mabasi mekundu ya ghorofa yenye ngazi mbili za kupandia juu. Hayo TfL iliyanunua yenyewe, 1,000, ikazipa kampuni ziyaendeshe. Lakini hata hayo, spana inashikwa na kampuni.